Feri ya Alaska: Ulipie Kitanda au Ulale Sitahani?

Aliyewahi kuvuka usiku kutoka Unguja kwenda Pemba anaijua hesabu ya abiria wa meli: uongeze hela upate pa kujinyoosha, au utandike mkeka na khanga penye upepo, hela zako zibaki mfukoni. Anayepanda feri za jimbo la Alaska hupiga hesabu hiyohiyo, ila huko unalala njiani mara mbili, na baridi yake haina mzaha.

Feri hizo zilianza mwaka 1963. Mgeni huziona kama utalii, lakini kwa wakazi wa pwani ile ndizo barabara. Juneau, makao makuu ya jimbo, haina barabara inayoiunganisha na mji mwingine. Kati ya Haines na Skagway kuna maji ya maili zipatazo 15 tu; anayekataa kuyavuka huzunguka kwa gari zaidi ya maili 350, tena kupitia Kanada. Safari ndefu huanzia Bellingham, kaskazini ya Seattle. Meli hung'oa nanga Ijumaa jioni na kufika Ketchikan Jumapili asubuhi, saa zipatazo 38 za kupenya kati ya visiwa na milima ambayo misitu yake inashuka hadi majini.

Kinachowachanganya wengi ni bei. Nauli ni ya kupanda tu. Chumba kinalipiwa kando, chakula kando, gari kando, nalo hutozwa kwa urefu. Bei hupanda kadiri meli inavyojaa, kwa hiyo anayetaka Julai na kukata tiketi Juni atajuta. Watoto wadogo kabisa hawalipi. Jambo la kushika ni hili: chumba hutozwa kwa chumba, si kwa kichwa. Tuseme kinauzwa dola 400. Ukiwa peke yako, umelala kwa dola 400. Mkiwa wanne, kila mmoja ametoa 100 na amepata kitanda, shuka safi na mlango wa kufunga.

Asiyetaka chumba ana pa kulala bila kuongeza hata senti. Juu kabisa, upande wa nyuma, kuna kibaraza kilichoezekwa kwa vioo, chenye vipasha joto darini na viti virefu vya kulalia. Wenyeji na wanafunzi huwahi kupanga foleni ili wavitie mkono mapema. Wengine husimamisha mahema kwenye sitaha ya wazi na kuyabandika chini kwa selotepu pana, maana vigingi havipigwi kwenye chuma. Nimeona watu wakicheka wakisikia habari ya selotepu. Wacheke, lakini upepo wa usiku hauna utani. Mabafu ya maji moto yapo, hayalipiwi. Kinachokosekana ni faragha, na usingizi wa mtu mwepesi kuamka: mwezi wa Juni kule Juneau jua huzama baada ya saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Beba kitambaa cha kufunika macho. Beba na koti la mvua, kwa sababu Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka.

Dirisha la chumbani mimi nisingelilipia. Mchana mzima utakuwa sitahani na darubini, na usiku utafumba macho. Chumba cha ndani kisicho na dirisha kinatosha, tena giza lake ni neema. Chakula cha kantini si kibaya, ila milo ya siku mbili kwa familia ni fedha. Jaza kikapu kabla ya kupanda. Maji ya moto na maikrowevu utayakuta. Jiko la gesi la kambini halitumiki ndani ya meli. Na kama huhamii Alaska, gari liache: wakati wa safari sitaha ya magari hufungwa, na bei ya gari ndiyo hubomoa bajeti.

Je, ndege? Seattle hadi Ketchikan ni kama saa mbili angani, na usishangae ukikuta tiketi yake iko chini ya nauli ya feri. Meli kubwa za kitalii nazo huunganisha chumba na chakula katika bei moja, ila hukupa saa chache tu kila bandari, kisha king'ora kinakuita. Kuna jingine linalowahusu ndugu zetu wanaosoma Marekani kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania. Meli za kitalii zenye bendera za kigeni zinazotoka Seattle hulazimika kutia nanga nje ya Marekani, kwa kawaida Kanada, na hapo viza ya Kanada inahitajika. Feri ya Bellingham hupita mbele ya pwani ya Kanada bila kutia nanga mpaka Ketchikan.

Kwa hiyo: aliye peke yake na mgongo mzima, achukue kibaraza cha vioo. Wawili, wapime umri wao. Wenye watoto, chumba cha ndani cha vitanda vinne, na wakiombe siku ileile wanayokata tiketi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokwisha upesi.