Nani ni baba wa nyumba? Kazi na malezi katika mitaa ya Lubumbashi

Padri anayepita katika nyumba za Katuba ao za Kenya, hapa Lubumbashi, asubuhi ya siku ya kazi, anakuta mambo ambayo wakubwa wetu hawakuyazoea. Mama ametoka tangu saa kumi na moja, amekwenda kutafuta unga ao makala ya kuuzisha. Mtoto wa kike anabeba bidoni ya maji kichwani, naye saa ile angepaswa kuwa kalasini. Baba yuko nyumbani. Ameketi chini ya mwembe na shati safi, na akimwona padri anasimama upesi na kusema: « Nilikuwa ninataka kutoka. » Padri akirudi juma lingine, atamkuta palepale.

Ndugu wasomaji, tunataka kueleza hapa asili ya jambo hili, kwani wengi kati yetu tunalihukumu bila kulijua. Tunasikia watu wakisema: baba wa siku hizi ni wavivu, wamama wamekuwa wakubwa wa nyumba, watoto hawatii tena. Maneno hayo yanasemwa hata mimbarani. Sisi pia tuliyasema katika miaka ya kwanza ya upadri wetu, tena kwa sauti kubwa. Kisha tukaona ya kuwa tulikuwa tunapigana na moshi, na moto hatukuutafuta.

I. Kampuni iliyokuwa baba

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, na jina lake la kwanza lilikuwa Elisabethville. Mwaka uliofuata shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa. Kampuni yenye kuiyeyusha, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906. Hapo mwanzo ilitafuta wanaume peke yao, katika nchi za mbali. Walifanya kazi kwa miezi, wengine wakafa kwa magonjwa, wengine wakarudi kwao. Karibu na mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ikabadili mpango. Ikataka mfanyakazi akae muda mrefu, aje na mke wake, azae kambini, na watoto wake wawe wafanyakazi wa kesho.

Basi kampuni ikatengeneza kila kitu. Ikajenga nyumba. Ikatoa posho, na posho ilipimwa kwa hesabu ya watu wa nyumba: sehemu ya mume, sehemu ya mke, sehemu ya kila mtoto. Ikafungua hospitali, na mahali pa kupimia watoto wachanga. Masomo iliyaweka katika mikono ya wamisionari. Wamama wakafundishwa kushona na kupika na kutunza nyumba. Tusiwe watu wasio na shukrani: watoto wengi walipona ambao wangekufa, na wengi walijua kusoma ambao wasingalijua.

Lakini tuangalie vema yaliyompata baba katika mpango huo. Kule kwao kijijini, baba alikuwa na mambo mengi mkononi. Yeye, pamoja na wajomba na wazee, aliwafundisha watoto kazi, aligawanya shamba, alihukumu ugomvi, aliwatafutia vijana ndoa. Kambini, chakula kilitoka katika stoo ya kampuni. Dawa zilitoka kwa muganga wa kampuni. Mafundisho yalitoka masomoni. Na ugomvi ulihukumiwa na mkubwa wa kambi. Baba akabaki na mambo mawili tu: mshahara na jina. Aliheshimiwa nyumbani kwa sababu alikuwa mtu wa kampuni. Na kampuni yenyewe, baba huyu mkubwa, haikupenda kuulizwa neno. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi walipoomba nyongeza ya mshahara, askari waliwapiga risasi hapa mjini, na watu wakafa.

Donatien Dibwe dia Mwembu, mwalimu wa historia katika Universite ya Lubumbashi, alitoa kitabu juu ya mambo hayo mwaka 2001. Katika jina la kitabu anawaita watu wa kambi Bana Shaba, watoto walioachwa na baba yao. Baba aliyewaacha ni kampuni.

II. Baba mkubwa alipoanguka

Mwaka 1967 kampuni ikawa mali ya Serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Posho na hospitali na masomo vikaendelea. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ingali ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mambo yakaharibika. Feza ya kutengeneza mashini ilikuwa imekwenda pengine. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka. Mwaka 1991 miji iliporwa. Mwaka 1994 shaba yote ya kampuni haikufika tani 50,000.

Nyumbani, anguko hilo lilikuja polepole. Kwanza mshahara ulichelewa juma moja, kisha mwezi, kisha miezi mingi. Posho ikakatwa. Hospitali ilibaki na vitanda lakini dawa hazikuwako. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika kazi kwa feza iliyotolewa mara moja. Mpango ule uliitwa kuondoka kwa mapenzi. Lakini mtu aliyekaa muda mrefu bila mshahara, na watoto wake wanalia njaa, tuseme namna gani ya kuwa ameondoka kwa mapenzi yake? Wengi walilipa madeni, walinunua kitu kidogo cha biashara, na feza ikaisha.

Ni nani aliyelisha nyumba siku zile? Ni mama. Alilima mashamba nje ya mji, alikaa sokoni na unga na mboga na samaki wakavu, akaingia likelemba pamoja na wenzake, ili kila mmoja apate feza nzima kwa zamu yake. Watoto nao waliingia kazini: wengine wakauzisha maji na karanga njiani, wengine wakaenda kuchimba ao kuosha mawe ya shaba. Tulipokuwa tunawahubiria juu ya Amri ya Nne, mtoto aliyeleta bukari mezani alijiuliza moyoni nani sasa anapaswa kumtii nani.

Juu ya taabu hiyo ziliongezwa taabu za mtaa. Mitaa ilikua upesi, lakini mabomba ya REGIDESO hayakuifuata. Umeme wa SNEL unakatwa mara kwa mara. Kila kitu ambacho mtaa umekikosa kinabebwa na mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto wa kike. Maji yakikosekana, yeye ndiye anayechelewa masomoni. Na masomo yenyewe, tangu miaka ya 1990, wazazi walikuwa wanalipa sehemu ya mshahara wa waalimu. Katiba ya mwaka 2006, katika sharti la 43, inasema ya kuwa masomo ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ya bure. Lakini kazi hiyo ilianzishwa kweli katika Septemba 2019 tu. Ni jambo jema sana, na watoto wengi waliokuwa nje wameingia. Lakini kalasi zimejaa, na masomo ya sekondari yangali yanalipwa.

Mtu atasema: migodi mipya imefunguliwa tangu sheria ya migodi ya mwaka 2002. Ni kweli. Leo nchi yetu inatoa shaba nyingi kuliko zamani zote. Lakini wengi wanafanya kazi kwa makampuni madogo yanayosaidia yale makubwa, kwa mkataba mfupi. Kijana anapata kazi miezi sita, kisha anarudi chini ya mwembe pamoja na baba yake.

III. Makosa mawili ya sisi mapadri

Kosa la kwanza ni kuwatia watu haya. Tulimjua baba mmoja aliyetoka kila asubuhi na mfuko wake wa vyombo vya kazi, akarudi jioni. Kazi hakuwa nayo. Mke alijua, watoto walijua, na wote walinyamaza ili kumheshimu. Dominika moja tukahubiri kwa ukali juu ya baba wavivu. Tangu siku ile hakuonekana tena katika Misa. Tulipokwenda kumwona, tulidhani atakuwa na hasira. Akatuambia kwa upole: « Padri, ulisema kweli mbele ya watoto wangu. Ndiyo sababu siwezi kurudi. » Hatukuwa na jibu. Mke wake alikuwa amemfunika kwa subira miaka mingi, na sisi tulikuwa tumemvua kwa dakika kumi.

Kosa la pili linafanana na wema, kwa hiyo ni gumu kulitambua. Parokia inapata magunia ya unga, ao feza ya kulipia watoto masomo. Padri anaandika majina, anawaita wamama, anagawanya. Anamlipia mtoto masomo bila kumwuliza baba yake neno lolote. Siku moja mtoto anamwambia: « Padri, wewe ndiwe baba yangu. » Tulipoambiwa hivi tulifurahi. Ilitupasa kuogopa. Kwani tulikuwa tumefanya sawasawa na kampuni: tulikuwa tumeleta posho na kuchukua kiti cha baba. Na siku magunia yatakapokwisha, ao padri atakapopelekwa parokia nyingine, nyumba ile itaachwa na baba mara ya pili.

Baba Mtakatifu Pio XI, katika barua yake Quadragesimo anno ya mwaka 1931, alifundisha ya kuwa shirika kubwa lisiliondolee shirika dogo kazi ambayo hilo dogo linaweza kuitimiza lenyewe, bali lilisaidie. Tumelisoma fundisho hili katika seminari, tukalijibu vizuri katika mtihani, tukifikiri ya kuwa linahusu Serikali tu. Linahusu pia stoo ya parokia.

IV. Njia ya kusaidia

Jambo la kwanza: tuutenge ubaba na mshahara. Injili haituambii Yosefu wa Nazareti alipata feza ngapi, wala haikutunza neno moja la kinywa chake. Hata hivyo alimpa Mtoto jina, alimkimbiza usiku kutoka hatari, na watu wa Nazareti walimjua Yesu kwa kazi ya seremala. Pio XII aliposimika sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei, mwaka 1955, hakutaka kuwasifu wenye mshahara peke yao. Basi, mtoto akija kuandikwa kwa mafundisho ya Ubatizo ao ya Komunyo, tumwite baba, hata kama mama ndiye aliyeleta habari. Tumwombe asali pamoja na mtoto jioni, aangalie daftari lake, ampeleke mwenyewe kwa muganga. Kazi hizo hazitaki falanga nyingi, na hakuna kampuni inayoweza kumwachisha.

Jambo la pili: tusimwongezee mama mzigo. Kumheshimu baba si kumshusha mama aliyeokoa nyumba. Tusianzishe shauri la nani ni mkubwa. Tuwakalishe wote wawili waseme pamoja juu ya feza ya soko, ya masomo, ya likelemba. Padri Placide Tempels, alipoanza kazi ya Jamaa kule Kolwezi mwaka 1953, aliwataka mume na mke wafunguliane mioyo. Mengine ya Jamaa yalileta matata baadaye, lakini njia hiyo tusiisahau.

Jambo la tatu: sadaka isifunike haki. Leo XIII, mwaka 1891, alifundisha ya kuwa mshahara upaswe kumtosha mfanyakazi mwenye kiasi na mwenye mwenendo mzuri. Na Pio XI akaonyesha wazi ya kuwa upaswe kuitosha jamaa yake pia. Maji na masomo nayo ni deni la Serikali kwa raia. Shirika la mtaa linaweza kuandika barua kwa burgumestre, kuuliza hesabu katika kamati ya wazazi, kuangalia kisima kisichafuliwe. Katekista ao padri awasaidie kutengeneza barua. Lakini watie mkono baba na mama wa mtaa, na wao wenyewe waipeleke. Padri asitembee mbele.

Jambo la nne: kama ni lazima kutoa msaada, na mara nyingi ni lazima kweli, utolewe kwa shauri la shirika, mbele ya wazazi wote wawili, kwa muda unaojulikana.

Yule baba wa mfuko, tulimwomba radhi. Hatukumpa kitu. Tulimwuliza tu shirika lake lifanye nini juu ya watoto wa kike wanaochelewa kalasini kwa sababu ya maji. Baada ya siku chache alianza kwenda kisimani mwenyewe kabla ya mapambazuko, pamoja na binti yake. Wanawake walimcheka. Kisha jirani mmoja akamfuata, na leo baba watano wa mtaa ule wanachota maji kwa zamu. Kazi ya mshahara hajaipata. Lakini amerudi katika Misa, na binti yake anafika masomoni kabla ya kengele.

Ninyi waseminari, wengi wenu mmezaliwa katika nyumba hizi. Labda mlipoandika barua ya kuingia seminari, mkono ulisita pale palipoulizwa kazi ya baba. Mtakapokwenda likizo, kabla ya kuuliza habari za parokia, keteni kwanza naye chini ya mwembe. Mwombeni shauri juu ya jambo mnalolihitaji kweli, kisha mlifuate.