Kitanda cha Mama ni Sehemu ya Dawa

Mtoto azaliwapo kabla ya miezi yake kutimia na kulazwa hospitali, watu wengi hudhani kwamba kazi ya mama imekwisha, na iliyobaki ni ya daktari na muuguzi. Basi mama hurudi nyumbani, au hupanga kwa jamaa mjini, akaja kumtazama mwanawe kwa saa zilizowekwa. Fikira hiyo si sawa.

Katika mji wa Newcastle, Uingereza, Daktari James Spence alianza katika miaka ya 1920 kuwapa akina mama nafasi ya kulala hospitalini ili wawanyonyeshe na kuwauguza watoto wao wenyewe. Mwaka 1978, mjini Bogotá katika nchi ya Colombia, vyombo vya kuwatia watoto joto havikutosha. Daktari Edgar Rey Sanabria akawafundisha akina mama kuwabeba watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na kuwapa maziwa ya titi.

Faida ya jambo hili ilipimwa tangu 2017 hadi 2020 katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto zaidi ya 3,000, ambao uzito wao haukufika kilo 1.8, waligawanywa mafungu mawili. Wa fungu la kwanza walibebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na mama zao wakapewa vitanda ndani ya chumba cha watoto mahututi. Wa fungu la pili walingojea kwanza hali zao zitulie. Kabla ya siku 28 kupita, katika kila watoto 100 wa fungu la pili walikufa karibu 16; katika fungu la kwanza walikufa 12. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa namna hii wabebwe mapema iwezekanavyo, na jamaa washirikishwe katika kuwatunza.

Lakini mama hawezi kukaa hospitali majuma mengi ikiwa nyumbani hakuna wa kukamua ng'ombe, kupalilia shamba na kuwapikia watoto wengine. Kazi hiyo ni ya baba na jamaa. Tena mama akiwa mgonjwa, baba, nyanya au shangazi aweza kumbeba mtoto kifuani badala yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo wanaojenga wodi za watoto wachanga na waweke kitanda cha mama katika hesabu zao, pamoja na dawa na vyombo.