Bwawa la Mundaring: Dhahabu Ilitaka Maji, Miti Ikalipa

Dhahabu ilipopatikana Coolgardie mwaka 1892 na Kalgoorlie mwaka uliofuata, maelfu ya watu walimiminika katika nyika kame ya koloni la Australia Magharibi. Vidimbwi vya miambani ambavyo wenyeji wa asili walivitunza vizazi na vizazi vilikaushwa upesi. Wachimbaji wakageukia maji ya chumvi. Waliyachemsha kwenye matangi ya chuma, mvuke ukapita mabombani na kupoa, maji matamu yakadondoka ndooni. Kuni ziliteketea kwa wingi, maji yakauzwa kwa bei ya kuumiza, na homa ya matumbo ikaua wengi.

Mhandisi mkuu wa koloni hilo, C. Y. O'Connor, akaja na mpango ambao wengi waliuona wazimu: kuuziba Mto Helena kwa bwawa huko Mundaring, karibu na Perth, kisha kuyasukuma maji kwa bomba hadi machimboni, zaidi ya kilomita 500, yakipanda zaidi ya mita 300. Vituo 8 vya pampu za mvuke vilijengwa ili kufikisha takribani lita milioni 23 kwa siku. Akiandamwa na lawama za magazeti na wanasiasa, O'Connor alijitoa uhai Machi 1902. Maji yalifika Kalgoorlie Januari 1903.

Yaliyofuata husimuliwa kwa nadra, nayo ndiyo yenye funzo. Bwawa lilichelewa kujaa, na wakubwa wakailaumu miti kwa kunywa maji. Maelfu ya hekta za msitu zikaangamizwa: mti ulikatwa gome kuzunguka shina, ukaachwa ufe umesimama. Haukupita muda mrefu, maji ya bwawa yakaanza kuingia chumvi. Kumbe mizizi mirefu ndiyo iliyoyazuia maji ya ardhini yasipande. Miti ilipokufa yalipanda, yakabeba chumvi ya udongoni hadi mtoni. Uharibifu ukasitishwa, msitu ukaachwa uote tena. Mwaka 1924 mhandisi wa reli, W. E. Wood, alieleza uhusiano huo kwa maandishi, lakini wakulima wa Australia Magharibi waliendelea kufyeka, na leo chumvi imeharibu mashamba makubwa.

Machimbo ya nchi kame hayaendi bila maji, na wahandisi wapewe fedha zao. Lakini bajeti ya ukuta wa bwawa isipitishwe kamwe bila bajeti ya kulinda msitu wa chanzo cha maji. Wananchi waidai kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.