Swali si mashine, ni kiasi cha hewa

Mgonjwa aliyebanwa pumzi akipewa rufaa kutoka Tukuyu kwenda Mbeya, ndugu huuliza lile lile: "Akiwekwa mashine ya kupumulia atarudi kweli?" Jibu wanalo tayari: bora abaki nyumbani apigwe nyungu. Hoja yao ni kwamba wengi waliowekwa mashine walikufa, basi mashine ndiyo iliyowaua. Kwa hesabu hiyo, hata jeneza linaua. Anayefikishwa kwenye mashine ni yule ambaye mapafu yake yameshashindwa kazi. Nyungu nayo haimfai kitu: mvuke wa mchaichai na mkaratusi huishia puani na kooni, haukaushi majimaji yaliyojaa kwenye vifuko vya hewa, na chini ya blanketi oksijeni haiongezeki hata chembe. Kinachopatikana ni kuungua na kuchelewa.

Mtaniuliza, kwani mashine haiumizi mapafu? Huumiza, tena sana, ikitumiwa vibaya. Tukivuta pumzi wenyewe, kifua hutanuka na hewa ikaingia. Mashine huisukuma kwa nguvu. Mapafu yakiugua, vifuko vizima hubaki vichache, na hewa iliyokusudiwa pafu zima huvielemea hivyo vichache mpaka vichanike na kuvuja. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 861 wa mapafu waliokuwa kwenye mashine: waliopewa mililita 12 za hewa kwa kilo kwa kila pumzi walikufa asilimia 39.8, waliopewa mililita 6 asilimia 31. Mashine zile zile, ugonjwa ule ule; kilichotofautiana ni kipimo. Na kilo hizo hukokotolewa kutokana na urefu, si mizani, maana mtu akinenepa mapafu hayakui. Mwanamume wa sentimita 165 huhesabiwa kilo 61 na nusu, yaani, kwa kipimo cha mililita 6, takribani mililita 370 kwa pumzi moja, hata akiwa na kilo 95.

Mengine kwa haraka: shinikizo mwisho wa kuvuta pumzi lisizidi sentimita 30 za maji, hewa kidogo ibakizwe ndani ili vifuko visifunge, aliye taabani alazwe kifudifudi saa 16 kwa siku, mfuko wa kupulizia kwa mkono, njiani kwenda Mbeya, usikamuliwe wote, na kila siku ijaribiwe kama anaweza kupumua mwenyewe. Ndugu, acheni kuuliza kama mashine inaua. Ulizeni kama mgonjwa wenu amepimwa urefu.