Siagi Kijiko Kimoja: Mapishi ya Ayalandi ya Machi 17

Machi 17, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, Ayalandi ni mapumziko ya taifa tangu 1903. Jikoni ndiko balaa linakoanza: viazi vinaogelea kwenye siagi, nyama ina mafuta unene wa kidole, chumvi ndo usiseme. Sasa wewe unasoma Dublin au Cork, jiko moja mnachangia watu sita, zamu ya kupika imekuangukia. Ukipunguza mafuta, si utakuwa umewaharibia wenyeji chakula chao?

Wala. Kabla ya njaa kuu iliyoanza 1845, fukara wa kule aliishi kwa viazi na mtindi mwepesi, yale maziwa yanayobaki siagi ikishatolewa. Siagi yenyewe aliisukasuka kwa mikono yake, lakini iliuzwa ili kodi ya shamba ilipwe, na shehena zake zilipitia soko la siagi la Cork kwenda ng'ambo. Hiyo siagi ya kumwaga mezani ni shibe iliyokuja baadaye. Ukiipunguza hujamtukana bibi wa mtu.

Anza na colcannon, yaani viazi vya kuponda na sukuma wiki au kabichi. Mtu wa Nyeri ataiita mukimo iliyosahau mahindi, na hatakuwa mbali. Kazi yote iko kwenye ukavu wa viazi. Vichemshe na maganda yake visinywe maji, mwaga maji, epua, kisha vifunike kwa kitambaa safi dakika tano kinyonye mvuke. Kiazi kilicholowa hakina ladha, ndiyo maana watu wanakifukia kwa siagi. Menya, pasha maziwa yaliyopunguzwa mafuta pamoja na majani ya vitunguu, uponde navyo vikiwa bado vya moto, halafu ingiza mboga. Siagi ni kijiko kimoja cha chakula, gramu 14 hivi, kalori kama 100. Usiichanganye! Chimba kishimo katikati, iyeyukie humo, kila mtu achovye. Ulimi unakutana nayo kwanza na unaamini sufuria nzima iko hivyo.

Mchuzi wa kondoo upike jana yake. Ukilala kwenye friji mafuta yanaganda juu, unayabandua kama kifuniko. Viazi vya unga vikipondeka humo vinaufanya mzito bila kuongeza kitu.

Wapo watakaodai nyama ya ng'ombe ya chumvi na kabichi. Hiyo ni ya wahamiaji wa Marekani. Kule kwao huwa ni nguruwe. Iloweke usiku kucha, mwaga maji. Kabichi dakika tano tu, sufuria yake. Wasiokula nguruwe wana mchuzi.

Mkate wa soda hauna cha kupunguzwa: unga gramu 500, nusu yake usiokobolewa, bekingi soda kijiko cha chai, chumvi kiasi hicho hicho, mtindi mwepesi mililita 400. Asidi ya mtindi ikikutana na soda inatoa gesi papo hapo, kwa hiyo usikande wala usisubiri. Chora msalaba juu, ingiza kwenye oveni ya nyuzi 200, dakika 40. Ukikosa mtindi, kamulia kijiko cha limau kwenye kila kikombe cha maziwa, uyaache dakika kumi yakatike.