Kudura Haijazi Daftari

Wahenga walinena kwamba jitihada haiondoi kudura. Waama, wasomaji wapenzi, methali hii imegeuzwa na baadhi yetu kuwa mto wa kulalia.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuniambia kuwa hisabati imemshinda kwa sababu ukoo wao umelaaniwa, naye angoja kuombewa. Nilipolifunua daftari lake, kurasa za milinganyo zilikuwa tupu. Sikumkataza maombi, nilimtaka afanye hesabu tano kila jioni. Katika KCSE hakupata A, ila kutoka E alifika C.

Jirani zetu Wahindu huamini kuwa masaibu ya leo huenda yakawa matunda ya karma, yaani ya matendo yaliyotangulia. Lakini neno hilo la Kisanskriti maana yake hasa ni tendo. Basi ikiwa tendo ndilo lililofunga, mbona tungoje lifunguliwe bila tendo?

Walimu wenzangu, tusiwakejeli waombao, kwani maombi humpa mja moyo. Tuwaulize tu: baada ya kuitikia "Amina", mmeshika kalamu? Kudura ni ya Mola. Daftari ni la mwanafunzi.