Nani Analipwa kwa Mbolea ya Chooni?

Mfuko wa mbolea ya DAP anaoufungua mkulima wa Kitale umetoka mbali, na fosfati ina wenyewe: takriban asilimia 70 ya akiba inayojulikana duniani iko Morocco na Sahara Magharibi. Msimu ukiisha, sehemu ya fosforasi ya mbolea hiyo huingia Nairobi ndani ya mahindi na maharage, ikaliwa, na karibu yote ikaishia chooni. Mtu mzima hutoa kama nusu kilo kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa kwenye mkojo.

Bei ndiyo iliyowafanya wafanyabiashara wageuze macho huko chooni. Kati ya 2007 na 2008 tani ya fosfati ghafi ilipanda kutoka dola 50 hivi hadi zaidi ya 400. Mbolea ilipopanda tena mwaka 2022, serikali ya Kenya iliingiza ruzuku na kuuza mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 3,500, kisha 2,500 mwaka uliofuata. Ujerumani ilikwisha kutunga kanuni mwaka 2017: vituo vikubwa vya majitaka vianze kurejesha fosforasi ifikapo 2029. Kule tope huchomwa, majivu yakachujwa kwa tindikali, na kazi yote ni ya wahandisi. Kwetu, ambako bomba la majitaka haliwafikii wengi, kazi huanza na mtu na ndoo yake.

Mtaa wa Mukuru, Nairobi, ndiko biashara hii ilikojaribiwa kwa muda mrefu. Kampuni ya Sanergy ilianza mwaka 2011 na vyoo vya Fresh Life, vinavyotenganisha mkojo na kinyesi. Vingi viliendeshwa na wakazi wenyewe waliotoza kila anayeingia. Vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo vijana wa mtaani hubeba makasha ya kinyesi kwa mikokoteni hadi lilipo gari. Kiwandani funza wa nzi askari mweusi hula taka hiyo. Funza huwa chakula cha mifugo, na masalia huwa mbolea inayouzwa kwa jina la Evergrow. Ajira zimepatikana, tena za watu ambao kiwanda cha kawaida kisingewaita hata kwa usaili.

Lakini tusidanganyane na ule usemi kwamba taka ni mali. Mauzo ya mbolea hayatoshi kulipia ukusanyaji, wala hayakaribii. Pengo huzibwa na ada za vyoo na fedha za wafadhili.

Mbolea yenyewe nayo ina soko gumu. Mkulima wa mishiri anayeuza Ulaya hufungwa na kanuni za GLOBALG.A.P., ambazo zimekataza tope la vyoo vya binadamu shambani, hata likiwa limetibiwa. Anayelimia soko la nyumbani ana woga wake: mwaka 2024 wakulima wa Kenya waliuziwa mbolea ghushi ndani ya mpango wa ruzuku wa serikali, na tangu hapo mfuko mgeni hutazamwa kwa jicho la pembeni. Mwenye kuuza mboji ya chooni hulipia kosa asilolitenda.

Dar es Salaam inaonyesha upande mwingine. Wanaotoa uchafu vyooni kwa mikono huitwa vyura. Hufanya kazi usiku, bila glavu, ndani ya shimo, na majirani huwakwepa mchana. Mvua ikinyesha, wenye nyumba wengine hutapisha vyoo, na uchafu ukafuata mfereji hadi Mto Msimbazi na baharini. Pampu za mkono aina ya Gulper na bajaji za kubebea mapipa zimewatoa baadhi yao shimoni. Hata hivyo pampu ni mtaji, na kibali ni mtaji pia. Kazi ikirasimishwa bila mkopo na mafunzo, mwenye bajaji atapata zabuni, chura aliyeifanya kazi hiyo miaka yote akabaki kibarua wake au akafukuzwa kabisa.

Mwanza na Kisumu, miji ya ziwani, inaijua gharama ya fosforasi iliyopotea njia: mwani na magugu maji ziwani, mitego iliyoziba, maji ghali kusafisha. Hasara hiyo haionekani kwenye vitabu vya kampuni yoyote ya mbolea, wala faida ya kuizuia. Manispaa ingeweza kulipa kwa kila pipa lililopokelewa kituoni. Kwa sasa mtoa uchafu hulipwa na mwenye nyumba, naye mwenye nyumba akishaona shimo limepungua, hana haja ya kujua mzigo umefika mtamboni au umemwagwa mtoni.